Alilipa miezi yote ya majaribio, benki ikamkatalia: kisa cha mkopo wa nyumba Illinois

Septemba 2007, mwanamke mmoja wa jimbo la Illinois, Marekani, alichukua mkopo wa nyumba wa dola 728,500 kutoka benki ya Wachovia. Baadaye Wachovia ilimezwa na Wells Fargo, na deni lake likahamia huko. Marejesho yalipomlemea, Aprili 2009, aliomba nafuu kupitia mpango mpya wa serikali ya shirikisho. Kwa maelezo yake, aliwasilisha vielelezo vyote vya kipato vilivyotakiwa, na benki ikaona anastahili. Katikati ya Mei ikamtumia hati ya kipindi cha majaribio, yaani miezi michache ya kulipa marejesho yaliyopunguzwa kabla ya nafuu ya kudumu. Aliisaini na kuirudisha tarehe 28 Mei. Mwanzoni mwa Juni benki nayo ikaisaini, ikamrudishia nakala. Kipindi cha majaribio kilianza 1 Julai, kikaisha 1 Novemba. Alilipa marejesho manne, yote kwa wakati, na benki ikayapokea yote manne. Kisha ikamjibu kwamba nafuu ya kudumu hapati.

Jina lake limo katika hukumu za mahakama, lakini hapa nitamwita mkopaji tu. Yaliyompata yaliwapata watu wengi mno katika miaka ile, na kisa chake kinafaa kuchambuliwa kwa sababu yeye alikuwa na karatasi yenye saini mbili, akaenda nayo hadi Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Kanda ya 7, Chicago, akaiuliza swali ambalo mpango mzima ulikuwa umeliacha wazi: je, ahadi ya nafuu inamfunga anayeitoa?

Tuanze na mpango wenyewe. Oktoba 2008, bei za nyumba zikiporomoka na mabenki yakiyumba, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya dharura iliyoipa Wizara ya Fedha uwezo wa kutumia hadi dola bilioni 700 kuuokoa mfumo wa fedha. Mabenki yalikuwa ya kwanza kuchotewa. Wenye nyumba walisubiri hadi 18 Februari 2009, Rais Barack Obama aliposimama Mesa, Arizona, mji wa jimbo lililoumizwa vibaya na anguko lile, akatangaza mpango wa dola bilioni 75. Sehemu yake kubwa ilikuwa kurekebisha mikopo ya watu walioshindwa kulipa au waliokaribia kushindwa, na lengo lililotajwa lilikuwa kuzifikia familia milioni 3 hadi 4. Mpango huo wa marekebisho ukajulikana kwa kifupi kama HAMP.

Hesabu yake ilikuwa nzuri, na nasema hivyo bila kusitasita. Marejesho ya mwezi, yakijumlishwa na kodi ya nyumba na bima, yalipaswa kushushwa hadi asilimia 31 ya kipato cha mkopaji kabla ya makato. Msimamizi wa mkopo, yaani benki au kampuni inayokusanya marejesho kila mwezi, alipewa ngazi za kushuka, na hakuruhusiwa kuziruka apendavyo. Kwanza malimbikizo yanaingizwa kwenye deni. Kisha riba inashushwa kidogo kidogo, mwisho asilimia 2. Ikiwa bado haitoshi, muda wa kulipa unarefushwa hadi miaka 40. Ikiwa bado, sehemu ya deni inawekwa kando bila riba, ilipwe mwishoni.

Chukua kaya ya mfano yenye kipato cha dola 4,000 kwa mwezi na deni la dola 210,000 kwa riba ya asilimia 6.5, limebakiza miaka 30. Marejesho ni takriban dola 1,327. Ongeza kodi na bima, tuseme dola 300, zinakuwa 1,627, zaidi ya asilimia 40 ya kipato. Lengo la asilimia 31 ni dola 1,240. Riba ikishuka hadi takriban asilimia 3.5 lengo limefikiwa, na wala hakuna haja ya kugusa ngazi nyingine. Dola zaidi ya 380 zinabaki nyumbani kila mwezi. Gharama ya kushuka hadi asilimia 38 ya kipato aliibeba mwenye mkopo, yaani anayemdai mkopaji. Kutoka 38 hadi 31 serikali ilimlipia nusu. Katika mfano huu, nusu hiyo ni dola 140 kwa mwezi. Riba hiyo ya chini ilikaa miaka 5, halafu ikapanda kwa si zaidi ya asilimia moja kila mwaka hadi kufikia kiwango cha soko kilichokuwapo siku ya marekebisho.

Mkopo ulipaswa kuwa umechukuliwa kabla au ifikapo 1 Januari 2009, nyumba iwe ndiyo makazi makuu ya mkopaji, na deni lililobaki lisizidi dola 729,750. Mkopaji wetu, kwa dola 728,500 alizoanza nazo, aliingia chini ya dari hilo kwa nafasi finyu, lakini aliingia.

Palipokuwa na kasoro ni kwa yule aliyepewa kazi. Serikali haikufungua ofisi ya kupokea maombi na kuyaamua. Iliingia mkataba na wasimamizi wa mikopo, na kuwaachia wao wapokee fomu, wapime kipato, wakubali au wakatae. Wells Fargo ilisaini mkataba wake na serikali Aprili 2009. Ni lazima msomaji ajue kwamba msimamizi wa mkopo Marekani mara nyingi siye mwenye mkopo. Deni limekwisha kuuzwa kwa wawekezaji, na yeye analipwa ada ya kulisimamia. Faini za kuchelewa ni zake. Nyumba ikipigwa mnada, fedha alizowatangulizia wawekezaji hurudishwa kwanza, kabla ya mwingine yeyote kupata chochote. Kurekebisha mkopo kunamtaka aajiri watu, afuatilie hati za mishahara, apige hesabu upya, na mkopaji huyo huyo anaweza kushindwa tena mwakani. Serikali ilimwekea kishawishi cha dola 1,000 kwa kila mkopo uliorekebishwa, na hadi dola 1,000 nyingine kila mwaka kwa miaka 3 mkopaji akiendelea kulipa. Kilikuwa kishawishi kidogo kwa kazi kubwa, na adhabu ya kutoifanya vizuri haikuonekana.

Hapo ndipo kipindi cha majaribio kilipogeuka mtego. Kwa kawaida kilikuwa miezi 3. Kwa mkopaji wetu kilikuwa 4. Katika miezi hiyo mtu analipa kiasi kilichopunguzwa, lakini mkataba wa zamani bado unaishi vitabuni. Pengo kati ya marejesho ya zamani na mapya linahesabiwa kuwa deni lililochelewa. Ukipata marekebisho ya kudumu, pengo linaingizwa kwenye deni jipya na habari imekwisha. Ukinyimwa, unaambiwa ulipe pengo lote, na mtu ambaye hakuwa amechelewa hata mwezi mmoja anajikuta, kwa kutii maagizo ya benki yake, ana malimbikizo ya miezi kadhaa. Fedha ambazo angezitumia kuhamia nyumba ya kupanga, au kumlipa wakili, amekwisha kuziingiza kwenye nyumba anayokaribia kuipoteza. Nauona huu kuwa udhalimu mkubwa kuliko wote uliokuwamo katika mpango ule, kwa sababu ulimwangukia hasa yule aliyefanya alichoambiwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mkopaji wa Illinois, kwa mujibu wa madai yake. Benki ilimweleza kwamba haikuweza kumfikisha kwenye marejesho anayoyamudu kwa kufuata masharti ya mwekezaji wa mkopo wake. Alipiga simu kulalamika, miezi ikapita. Kuanzia Desemba 2009 akawa anapokea kila mwezi barua ya kumwonya kwamba asipolipa malimbikizo, nyumba itachukuliwa. Yeye alidai kwamba benki haikuwa na haki ya kumpima upya baada ya kuwa imekwisha kumpima na kusaini, na kwamba katika kumpima huko upya ilikosea hata kodi ya nyumba yake. Msomaji akumbuke ngazi zile: kodi ya nyumba imo ndani ya ile asilimia 31. Ukiikosea kodi, hesabu yote iliyobaki imepotea.

Aprili 2010 alifungua kesi ya uwakilishi katika mahakama ya shirikisho ya Kaskazini mwa Illinois, kwa niaba yake na ya wengine waliofanyiwa hivyo. Mahakama ya wilaya iliitupa yote. Alikata rufaa.

Ni muhimu kujua kesi ilikuwa katika hatua gani, maana wengi huisimulia kana kwamba mkopaji alirudishiwa nyumba mkononi. Benki ilikuwa imeomba kesi iondolewe kabla ya ushahidi wowote kusikilizwa. Katika hatua hiyo mahakama huyachukua madai ya mlalamikaji kana kwamba ni ya kweli, kisha hujiuliza: hata kama yote ni kweli, je, sheria inampa haki? Hilo ndilo swali lililojibiwa 7 Machi 2012, katika hukumu ndefu iliyoandikwa na Jaji David Hamilton.

Hoja ya kwanza ya benki ilikuwa kwamba hati ya majaribio haikuwa ahadi. Ilikuwa na kifungu kinachosema kwamba mkopo hautahesabiwa kuwa umerekebishwa mpaka mkopaji atimize masharti yote na apokee mkataba wa mwisho uliosainiwa na benki. Benki ikasema: hatukumpelekea mkataba wa mwisho, kwa hiyo hakuna tulichoahidi. Lakini hati hiyo hiyo, kwenye aya yake ya kwanza, ilisema kwamba mkopaji akitekeleza masharti ya majaribio na maelezo yake yakabaki kuwa ya kweli, benki itampa mkataba wa marekebisho. Mahakama ikavisoma vifungu hivi viwili pamoja. Benki ilikuwa na nafasi ya kumkataa, ilisema, lakini nafasi hiyo ilikuwa kabla ya kusaini na kuirudisha ile hati. Ikishasaini, mtu yeyote mwenye akili timamu angeielewa kuwa imejifunga kutoa marekebisho ya kudumu, mradi mkopaji atimize upande wake. Kuisoma vinginevyo ni kuiachia benki iamue, baada ya kupokea fedha, kama inataka kuheshimu neno lake au la, na ahadi ya namna hiyo si ahadi.

Hoja hii peke yake ingetosha kuifanya hukumu ikumbukwe. Kilichonigusa zaidi, hata hivyo, ni jibu la hoja ya pili. Kwa sheria ya mikataba inayofuatwa katika nchi zilizorithi mapokeo ya Kiingereza, Kenya na Tanzania zikiwamo, ahadi pekee haitoshi. Aliyeahidiwa naye lazima atoe kitu badala yake. Benki ilisema mkopaji hakutoa chochote kipya. Alikuwa tayari anadaiwa, na kulipa sehemu ya unachodaiwa si zawadi kwa anayekudai. Mahakama ilitazama hati ikaorodhesha yale mkopaji aliyojifunga nayo ambayo hayakuwamo katika mkopo wa awali: kufungua akaunti ya kuwekea fedha za kodi na bima, kukubali kwenda kwa mshauri wa madeni akitakiwa, kutoa taarifa za fedha zake na kuzithibitisha kuwa ni za kweli. Wadai hudharau vitu hivi kwa kuviona kuwa ni usumbufu mdogo wa makaratasi. Kwa mtu anayehangaika kuiokoa nyumba ni jasho, ni siku za kazi zilizokosekana, ni siri za maisha zilizowekwa mezani mbele ya mgeni. Mahakama iliona vina thamani mbele ya sheria.

Tatu, benki ilisema hata kama kulikuwa na mkataba, haukuwa umekamilika: riba mpya haikutajwa, muda haukutajwa, deni jipya halikutajwa. Huwezi kutekeleza mkataba usio na kiwango. Hapa zile ngazi za serikali zilimsaidia mkopaji kwa namna ambayo sidhani waliozibuni waliiwazia. Kwa kuwa miongozo ya HAMP iliamuru hatua moja baada ya nyingine hadi asilimia 31, masharti yaliyokosekana yangeweza kukokotolewa na mtu yeyote mwenye takwimu. Nafasi iliyoachwa wazi katika karatasi ilikuwa imekwisha kujazwa na kanuni.

Hoja ya nne ndiyo iliyokuwa imewaangusha wakopaji wengi katika mahakama nyingine: kwamba sheria ya mwaka 2008 haimpi mtu binafsi haki ya kushtaki chini ya HAMP. Ni kweli haimpi. Mpango ulikuwa makubaliano kati ya serikali na msimamizi, na mkopaji hakuwa mshirika wake. Benki ikasema kesi hii ni njia ya uchochoroni ya kukwepa katazo hilo. Mahakama ikajibu kwamba sheria ya shirikisho kutompa mtu haki mpya si sawa na kumnyang'anya aliyokuwa nayo. Sheria ya mikataba ya Illinois ilikuwapo kabla ya HAMP na ilibaki baada yake. Mkopaji hakushtaki kwamba mpango wa serikali umevunjwa. Alishtaki kwamba karatasi aliyosaini na benki imevunjwa.

Madai yake ya uvunjaji wa mkataba yakarudishwa mahakama ya chini yaendelee, pamoja na dai la kumfunga aliyeahidi kwa ahadi iliyotegemewa, dai la udanganyifu wa makusudi, na lile la sheria ya Illinois ya kuwalinda walaji. Madai mengine hayakupona, likiwamo la uzembe katika kutoa maelezo. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya 9, inayoshughulikia California na majimbo mengine ya magharibi, ilifuata msimamo huo katika kesi nyingine dhidi ya benki hiyo hiyo.

Sasa nitoe maoni yangu kuhusu lawama. Wapo wanaosema wakopaji walikwama kwa kutoleta hati. Katika miezi ya mwanzo wasimamizi waliruhusiwa kuanzisha majaribio kwa maneno ya mkopaji tu, karatasi zikaja baadaye, na ni kweli kwamba wengine kipato chao hakikuthibitika. Hadi mwisho wa Novemba 2009 kulikuwa na majaribio hai karibu 700,000, lakini marekebisho ya kudumu hayakufika hata 32,000. Kuanzia Juni 2010 Wizara ya Fedha ikageuza utaratibu: thibitisha kipato kwanza, jaribio baadaye. Lakini maelezo hayo hayamgusi mkopaji wa Illinois, ambaye kwa madai yake alileta kila kitu kabla ya hati kutoka. Wala hayaelezi faksi zilizopotea mara kwa mara, au familia iliyopangiwa mnada na idara moja ya benki huku idara nyingine ikiendelea kuiomba hati za mshahara. Hilo la mwisho lilikuwa limeenea kiasi kwamba lilipigwa vita kwa jina lake katika maafikiano ya Februari 2012 kati ya serikali ya shirikisho, majimbo 49 na wasimamizi 5 wakubwa wa mikopo, Wells Fargo ikiwamo, yenye thamani ya dola bilioni 25.

Mpango ulifunga milango kwa waombaji wapya mwishoni mwa 2016. Mikopo iliyofikia marekebisho ya kudumu ilizidi milioni 1.6, chini ya nusu ya lengo kubwa lililotangazwa Mesa. Ripoti ya mkaguzi maalumu wa fedha zile za uokoaji, ya mwaka 2015, ilionyesha kwamba karibu maombi 7 kati ya 10 yalikuwa yamekataliwa. Sitasema mpango haukufaa kitu. Familia zaidi ya milioni moja na nusu zilizopunguziwa marejesho si jambo dogo, na wasimamizi wengi walianza kufuata mtindo wake wa hesabu hata kwa mikopo isiyokuwamo. Ila serikali iliyoweza kuziokoa benki kwa wiki chache ilimwachia mwenye nyumba akabishane kwa simu na mtu anayejipatia faini kila mwenye nyumba anapochelewa. Huo ulikuwa uchaguzi, na ulifanywa na watu waliojua msimamizi wa mkopo analipwaje.

Kuna Waswahili wengi wenye mikopo ya nyumba Texas, Minnesota, Massachusetts na kwingineko huko, kwa hiyo niseme kilichobadilika. Tangu 10 Januari 2014 kanuni za shirikisho haziruhusu msimamizi kuanzisha hatua ya kwanza ya kuchukua makazi ya mtu kabla deni halijachelewa zaidi ya siku 120. Ombi la nafuu lililokamilika likimfikia zaidi ya siku 37 kabla ya mnada, hawezi kuuza mpaka aliamue, na ana siku 30 za kulijibu. Ukinyimwa marekebisho na ombi lako lilifika kamili siku 90 au zaidi kabla ya mnada, una siku 14 za kukata rufaa kwake, na rufaa hiyo lazima isikilizwe na watu wengine, si wale waliokukatalia. Neno zito katika hayo yote ni "kamili." Ombi lenye hati moja pungufu halikulindi hivyo, kwa hiyo omba barua inayosema limekamilika, uihifadhi. Washauri wa nyumba walioidhinishwa na Wizara ya Nyumba, HUD, hukusaidia bure katika kuokoa nyumba. Kampuni binafsi inayokutaka ulipe kwanza ili ikutafutie nafuu inavunja kanuni ya shirikisho. Fedha haitakiwi kutoka mpaka uwe umepata toleo la maandishi kutoka kwa mdai wako na ukalikubali. Mawakili wana utaratibu wao.

Kanuni hizo, hata hivyo, zinaongoza mwenendo wa kushughulikia ombi. Zenyewe zinatamka kwamba hazimlazimishi msimamizi kumpa mkopaji aina yoyote mahususi ya nafuu. Atapaswa kusoma ombi lako kwa wakati, kukujibu kwa maandishi na kukueleza sababu. Kukubali ni hiari ya mwenye mkopo na masharti yake. Hiari hiyo inakoma pale anaposaini.

Ndiyo maana mkopaji wa Illinois aliweza kusimama mbele ya majaji watatu. Mwenzake aliyeahidiwa yale yale kwa simu, akalipa miezi ile ile minne, hakuwa na karatasi ya kuwapa.